Soda ya Majivu

Mjukuu wangu Muhonja anasomea mambo ya maabara chuoni, hapa hapa Kakamega, na akija nyumbani analeta koti lake jeupe nimfulie. Si kwamba hawezi kufua. Ninamfulia ili nilianike kwenye kamba ya mbele, ile inayoonekana kutoka barabarani, na likikauka ninaliacha hapo hata siku ya pili. Majirani wameshaelewa. Mimi niliishia darasa la nne, na acha waone.

Siku hiyo koti lilikuwa bado linadondosha maji. Muhonja alikuwa jikoni ananisaidia kuchambua likhubi, yale majani ya kunde, akaona kopo langu la musherekha, yale maji ya majivu tunayolainishia mboga. Akalinusa kama mtu anayenusa maziwa ya juzi. Kisha akamimina kidogo kwenye kikombe, akakata limau, akakamulia ndani. Kikombe kikaanza kuchemka. Moto hakuna, jiko limelala, lakini povu linapanda mpaka ukingoni na sauti inatoka, ssss, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi.

"Kukhu, umeona?" akaniuliza akicheka. Kukhu ndiyo nyanya kwetu.

Niliona. Nilikaa pale kwenye kigoda na jani la likhubi mkononi, na harufu ile ya jivu bichi na limau ikanijaa puani. Miaka yote niliyoongeza juu ya ile minane ya kwanza ikaniruka, nikawa mtoto tena. Mama yangu alikuwa jikoni.

Ninyi wa rika langu mnajua kazi ya musherekha. Maharagwe yakishapigwa, maganda yake hayatupwi. Mama aliyakausha, akayachoma kwenye bati mpaka yawe jivu jeupe, akalishindilia jivu kwenye kopo lililotobolewa matundu chini na kutandikwa nyasi. Alimwagia maji juu, kidogo kidogo, na chini yakadondoka maji ya rangi ya chai ya mkandaa, matone, matone, siku nzima. Mboga ya kwetu bila maji hayo si mboga, ni majani. Alipomaliza aliosha chungu cha kuhifadhia kwa kipande cha limau, na hapo ndipo kelele ilipotokea. Povu lilipanda ukutani mwa chungu likilia, na mama aliniita haraka haraka.

"Njoo usikie! Unatusengenya."

Nilitia sikio ndani. "Unasema nini, mama?"

"Unasema kuna mtoto hapa hajaosha miguu tangu Jumapili."

Nilitazama miguu yangu. Musherekha ulikuwa unasema kweli. Kwa muda mrefu niliamini kwamba maji yale yana macho.

Sasa, soda. Watoto wa leo wanabeba chupa za plastiki kubwa kama magogo, wanakunywa wakitembea, wanaacha nusu. Kwetu soda ilikuwa na sababu. Krismasi chupa moja ilizunguka midomo sita, na aliyemeza mara mbili alipigwa mgongoni. Lakini mgonjwa alipewa chupa nzima peke yake. Ukikutana na mtu njiani ana soda moja na mkate uliofungwa kwenye gazeti, humuulizi anakwenda wapi. Unampa pole.

Nami nilijua kwa nini mgonjwa anapewa soda, maana nilikuwa nimejionea. Mzee mmoja jirani yetu alilala wiki mbili, tumbo limemvimba kama ngoma. Wanawake walikwenda kumwona, mama akanibeba. Mzee alinyweshwa soda kutoka kikombe cha bati. Akakaa. Akafumba macho. Kisha akabeua mbweu moja ambayo nadhani hata kuku nje waliisikia, na wanawake wakapiga makofi: "Eeh! Imetoka! Huyu amepona!" Siku chache baadaye nilimwona shambani na jembe.

Basi nikajua. Yale mapovu yanaingia tumboni, yanaukuta ugonjwa umekaa, yanausukuma, nao unatokea mdomoni kwa kelele. Dawa ni yale mapovu. Maji matamu ni ya kuyabebea tu. Hakuna mtu aliyenifundisha hivyo na hakuna aliyenikataza. Niliona kwa macho yangu, na ninyi niambieni mtoto angeona nini kingine.

Mama alipoanza kukohoa, alikohoa mvua mbili. Baba alikuwa anakata miwa upande wa Ekero, akija Jumapili na kurudi. Siku moja alikuja katikati ya wiki, akamweka mama kwenye baiskeli kama mzigo wa thamani, akamsukuma hadi hospitali mjini. Nyumba ikabaki na mimi, ndugu yangu mdogo, na Senje.

Senje ndiye dada wa baba. Alikuwa ameolewa mbali, ndoa ikamshinda, akarudi na kikapu kimoja na mdomo wa watu kumi. Mimi nimepewa jina la mama yake mzazi, kwa hiyo tangu nikinyonya aliniita "mama", akinikaripia ananiita "mama". "Mama, wewe ni mchafu sana!" Watu walicheka.

Kila Alhamisi tulitembea naye kwenda kumwona mama. Jumatano jioni Senje alinunua soda ya machungwa, akaisimamisha kando ya mtungi wa maji ipate ubaridi. Mara ya kwanza, mama alikunywa nusu na hakubeua. Mara ya pili alikunywa kidogo tu, na hakubeua. Nilikuwa ninamtazama kooni muda wote. Niliona aibu kumwuliza.

Jumatano ya tatu Senje alitoka kutafuta kuni, mimi nikabaki na ile chupa. Nyumba ilikuwa imenyamaza tangu mama aondoke. Nilitaka kusikia tu. Ninaapa sikutaka hata tone. Niliweka kizibo kwenye bawaba ya mlango, nikagonga kwa kiganja, ssss, ikasema, na nikatia sikio pale pale kama nilivyofanya kwenye chungu. Ilikuwa nzuri mno. Nikarudisha kizibo, nikakigonga kwa jiwe, kikakaa upande.

Asubuhi niliiinua chupa kwenye mwanga. Hakuna kitu kilichopanda. Niliitikisa, mapovu mawili matatu yakaamka kivivu, yakafa. Nilielewa nilichofanya. Nilikuwa nimemwaga dawa ya mama yangu mlangoni.

Nani angenipa nyingine? Nilizunguka jikoni nikilia bila sauti, na macho yangu yakaangukia kopo la musherekha. Huu nao unajua kuchemka, nikasema moyoni. Nikachukua kijiko, nikatia kimoja ndani ya chupa. Mungu wangu! Soda ikasimama. Povu likapanda shingoni mwa chupa, likanimwagikia mkono, likalia kuliko hata ilipokuwa mpya. Nikaongeza kijiko cha pili. Nikabana kizibo, nikakifunga kwa kamba ya mgomba, nikaizungushia gazeti lote. Rangi ilikuwa imegeuka kidogo, imekuwa kama maji ya mtoni baada ya mvua, lakini ilikuwa hai. Nilitembea njia yote hadi mjini nikiisikia kwapani.

Mama alikuwa kwenye kitanda cha dirishani. Mikono yake ilikuwa imekuwa mirefu. Senje alimwinua, akamwegemeza kwenye mto, mimi nikafungua chupa mwenyewe kabla mtu hajaniuliza habari ya kamba. Nikammiminia kwenye kikombe, nikampa.

Alimeza mara moja, akakoma. Uso wake ulikunjamana kidogo, kisha ukatulia. Alinitazama. Alinitazama hivyo, kwa muda, macho yake makubwa, na mimi nikawa ninatazama miguu yangu.

"Ni tamu?" Senje akamwuliza.

"Wee, ni tamu sana," mama akasema. "Hii ya leo ina nguvu."

Akanywa tena. Akanywa yote, kikombe baada ya kikombe, akipumzika katikati, na mimi nikimmiminia. Mama mmoja wa kitanda cha pili alimwambia, "Jirani, bakisha hata harufu!" Mama akamjibu, "Zaa wako akuletee." Kisha akashika kifua, akafumba macho, akabeua.

Haikuwa mbweu ndogo. Ilikuwa ya mzee yule kabisa. Wadi nzima ilicheka, sista aligeuka mlangoni, na mimi niliruka juu nikapiga makofi peke yangu. Imetoka! Mama akanivuta, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Wiki ijayo niletee kama hii," aliniambia sikioni. "Umesikia? Kama hii hii." Kisha akaniambia niende nikasuuze chupa kwenye mfereji wa nje, nisikimbie, nisuuze vizuri.

Nilisuuza chupa ile mpaka ikang'aa. Niliporudi alikuwa amelazwa, shuka limevutwa mpaka kidevuni, amefumba macho. Senje akanishika mkono, tukaenda.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu kuliko mwaka. Nilichoma maganda mwenyewe, nikachuja musherekha mpya, mkali, wa rangi nzito. Alhamisi asubuhi nilitia vijiko vitatu kwenye soda, nikafunga, nikaweka kikapuni. Senje alikuwa amevaa leso yake nzuri. Aliinua chupa, akafungua gazeti, akaitazama, akanusa kizibo. Alitoka hadi nyuma ya jiko na kuimwaga yote chini, na ardhi ikatoa povu.

"Hii haiendi mahali," akasema. "Na wewe leo utabaki nyumbani na mtoto."

"Senje, ndiyo dawa yake! Yeye ndiye ameniagiza!"

"Mama, nimesema utabaki."

Nilimshika leso, akanibandua vidole kimoja kimoja. Nilimrushia tope, likampata mgongoni, naye hakugeuka. Alikwenda na mkate tu. Alhamisi iliyofuata akaenda tena peke yake. Na kabla ya nyingine kufika, baba alikuja na watu wanne na kitanda, na mama alikuwa juu yake, amefunikwa blanketi mpaka usoni.

Sitaandika habari za mazishi. Nitaandika tu kwamba sikulia kama watoto wengine wanavyolia. Nilikuwa nimekasirika. Mimi nilikuwa na dawa mkononi, imeshafanya kazi, watu wameisikia ikifanya kazi, na mtu mzima aliimwaga nyuma ya jiko kwa sababu ya usafi.

Senje alinilea. Lazima niseme hivyo, hata kama kalamu inakataa. Alinilisha, alinivisha, alinifundisha kusuka mikeka, alikaa macho nilipougua surua. Nami nilimpa nini? Nilikataa anisuke nywele, nikaenda kusukwa na watu wa nje. Nilipoolewa, siku ya mzazi wa kike kusimama na kupewa blanketi lake, nilimsimamisha jirani yetu mmoja, na Senje akakaa kwa wapishi siku nzima akipepea moto. Watu waliona. Yeye aliinama tu kwenye moshi. Hata baadaye nikiwa na boma langu, Krismasi akija, nilimpakulia shingo ya kuku. Kila mwaka, shingo. Watoto wangu walidhani anaipenda.

Hayo ndiyo yaliyonikalisha kigodani siku Muhonja alipokamua limau. Nilimwuliza, "Hicho kinachopanda ni nini?"

"Ni gesi, kukhu. Hewa tu. Jivu lina aina yake ya chumvi, limau lina ukali, vikikutana hewa hiyo inazaliwa."

"Na ya kwenye soda?"

"Ni hiyo hiyo. Kiwandani wanayapooza maji, wanaisukuma hewa ndani kwa nguvu, wanafunga kizibo haraka. Ikifungwa hivyo inatulia, imejificha ndani ya maji. Ukifungua, inaona mlango, inakimbia. Soda ikipata joto inakimbia hata zaidi. Ndiyo maana ukiinywa unabeua, tumbo ni la moto, hewa inatafuta pa kutokea."

"Inayotoka ni hewa ya soda? Si kitu kingine kilichokuwa ndani ya mtu?"

"Ni ya soda, kukhu. Imeingia, imetoka."

"Inaponya nini?"

Akacheka. Hakujua anacheka nini, maskini. "Haiponyi kitu. Inachoma choma ulimi tu. Ni hewa ile ile unayotoa wewe puani sasa hivi, ukipumua."

Nikapumua. Nikamwambia amalizie mboga. Nilichukua leso yangu na kutoka, na kwa mara ya kwanza sikuangalia kama koti linaonekana barabarani.

Senje yuko hai. Anakaa kwenye nyumba ndogo kwa ndugu yangu, mwendo wa saa nzima kwa miguu yangu ya siku hizi. Miaka yake hata yeye haijui. Macho yamebaki ya kuona mwanga tu, lakini nilimkuta amekaa kibarazani na ungo mapajani, anamenya maharagwe kwa vidole.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Senje."

"Mama! Umekuja mikono mitupu? Sisikii kikapu."

"Nimekuja na maneno."

"Maneno hayapikiki. Kaa."

Nilikaa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na yote yakaruka kama ile hewa. Nikasema tu, "Nilikuchukia. Kwa sababu ya ile soda ya mama uliyomwaga."

"Najua," akasema, akimenya.

"Ulijua?"

"Wakati huo nilikuwa na macho. Na ulimi. Kila Krismasi shingo, shingo. Nikasema labda kuku wa huyu mtoto wanaumbwa shingo tupu."

Nilicheka, na kicheko kikanigeukia katikati, kikawa kitu kingine. Alisubiri mpaka nikamaliza.

"Mjukuu wangu anasoma mambo hayo," nikamwambia. "Amesema ni hewa tu. Haikuwa dawa. Haingemsaidia chochote. Ulifanya vizuri kumwaga."

Vidole vyake vilisimama.

"Mimi habari za hewa sizijui," akasema. "Sikumwaga kwa sababu ya hewa. Siku ile ulipokwenda kusuuza chupa, mama yako alitapika. Yote. Kikombe kwa kikombe, kama alivyokunywa. Nilimpangusa kwa leso yangu na nikageuza shuka kabla hujarudi. Akanishika hapa," akagusa kifundo cha mkono, "akaniambia, mtoto asijue. Akaniapisha. Na akasema usirudi tena kumwona, maana angeshindwa kuficha mara ya pili."

"Na wewe ukakubali."

"Ningekataa? Alikuwa anakwisha."

"Senje, miaka yote hii! Harusi yangu! Ungesema neno moja!"

"Ningesema nini? Kwamba ulichompa mama yako kilimrudi? Wewe ulikuwa unatembea na furaha ile kifuani, ya kwamba alikunywa akapenda. Ndiyo kitu pekee alichokuachia. Mimi nikunyang'anye ili unipe paja la kuku?" Akachukua ganda jingine, akalipasua. "Leo nimesema kwa sababu umezeeka, na mimi niko karibu kumwona. Atanisamehe."

Jogoo alipita kati yetu, akadonoa ganda, akaliacha. Nilikuwa na swali moja tu lililobaki, na nililiogopa kuliko yote.

"Alikasirika? Alipotapika. Alinikasirikia?"

"Mama yako?" Senje akageuza uso upande wa sauti yangu, na meno yake mawili yakaonekana. "Povu liko bado mdomoni, na anacheka. Tumbo linamkata, anacheka. Alisema, 'Wifi, umeonja? Ni musherekha wa nyumbani. Mtoto wangu ameanza kunipikia.'"

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nilimwomba tena, naye akaweka ungo chini, akarudia mara ya tatu, polepole, neno kwa neno, kama mtu anayemlisha mtoto.